Mtoto wa Jina

Mwanangu mkubwa alikwishafariki, na mwanangu mkubwa analima mpunga Maparoni. Kwetu maneno haya mawili hayagombani. Yamekuja kugombana juzijuzi tu, walipofika wale watu wa timu kutoka Dar es Salaam, na tangu hapo mwenzenu sijakaa sawa.

Nieleze taratibu. Nilizaa wengi, waliokua ni watatu: wa kwanza mwanamume, wa pili mwanamke, wa mwisho mwanamume. Majina ya watu ninayo yote kichwani, ya waliozaliwa na ya waliozikwa, hata ya wakunga waliowapokea. Lakini hapa sitamtaja mtu. Jambo lenyewe ni la majina, nikianza na moja itabidi niyamwage yote.

Huyo wa kwanza aliondoka hapa kwetu Mtunda akiwa kijana, akaingia jeshini, na huko ndiko walikomfundisha mpira wa magongo. Mpira wa miguu naujua, hata wajukuu zangu wa kike wanaucheza. Huu wa magongo haukuniingia. Siku moja alinichukua nikautazame. Nikaona watu wazima wameinama kama wanaopalilia, wanakimbia huku wameinama vilevile, kila mmoja na gongo lake, wanafukuzia kampira kagumu kama jiwe. Filimbi ikalia, wakasimama. Nikamuuliza mama aliyekaa karibu nami, "Wamekosa nini?"

"Mpira umemgusa mguu."

"Sasa mpira kugusa mguu nalo ni kosa?"

Punde watu wakaanza kuimba jina la mwanangu, uwanja mzima, nami nikainuka nikaitika "Abee!" kwa sauti, maana kijijini kwetu huitwa kwa jina hilohilo, Mama Fulani. Walinicheka wote waliokuwa karibu. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba mwanangu ni nyota, kwamba hakuna timu isiyomwogopa.

Akija likizo hakukaa. Atakula, atalala siku moja, kisha huyo, delta ya Rufiji, Maparoni, kwa mdogo wake. Kule alitafuta mzizi wa mkoko uliojipinda wenyewe, akauchonga ukawa gongo, akaokota kidaka cha nazi kilichoanguka, basi ndio mpira huo. Maji yakipwa aliwapanga watoto wa Maparoni juu ya tope akawafundisha. Walirudi majumbani weusi tititi, mama zao wanamlaani.

Alipofariki, kwa maradhi, tulimleta tukamzika Mtunda. Arobaini ilipofika, wazee walimkalisha mdogo wake kwenye mkeka, wakamvika kanzu na kofia ya kaka yake, wakasema mbele ya watu: kuanzia leo huyu ndiye yeye. Ndivyo tufanyavyo kwetu. Jina la mtu mzima haliendi kaburini na mwili, hupewa mtu alibebe. Aliyekuwa na shida na marehemu ataipeleka kwa huyo. Watoto wa marehemu watamwita huyo baba, wala si baba mdogo. Binti yangu wa kati, aliyemtangulia mdogo wake kuzaliwa na aliyembeba mgongoni, tangu siku ile humwamkia shikamoo, naye huitikia marahaba bila kucheka. Na lile jina lake la kwanza, nililompa mimi siku ya saba, likawekwa kando. Sikulitamka tena.

Msinielewe vibaya. Nilijua nimezika. Lakini nikiita lile jina mtu akaitika, moyo wangu ulitulia, na sikuuliza zaidi.

Sasa wajukuu. Marehemu aliacha mtoto mmoja wa kiume, nikamlea mimi, leo anakaanga chipsi karibu na stendi ya Kibiti. Mdogo wake naye ana kijana, wa huko Maparoni. Baba zao jina ni moja, kwa hiyo kwetu wote wawili ni watoto wa nyota. Na yule wa Maparoni ndiye ambaye hakuliacha gongo. Wenzake walikua wakaingia kwenye uvuvi wa kamba, yeye maji yakipwa yuko topeni na mzizi wake wa mkoko.

Sikukuu moja mkaanga chipsi alikwenda kuwasalimia, akampiga picha za video kwa simu yake, akazirusha huko wanakorusha. Humo anasikika akisema, "Oneni wenyewe mtoto wa fulani!" Akataja jina la nyota. Hakudanganya hata neno.

Ndipo wakaja. Watu wawili, mwenyekiti wa timu na kocha wake. Mwenyekiti ni mtu wa bara, mnene, wa rika la marehemu, walicheza pamoja. Kocha ni kijana wa suruali za mazoezi. Waliteremka Kibiti wakauliza, wakaelekezwa kwenye banda la chipsi. Yaliyosemwa pale mjukuu wangu mwenyewe alinihadithia.

"Unamfahamu mtoto wa fulani?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi hapa, mzee."

"Wewe ndiye unayecheza kwenye ile video?"

"Mimi nacheza na mafuta ya moto tu. Anayecheza ni mdogo wangu, yuko Maparoni na baba."

"Baba yupi?"

"Baba huyohuyo."

"Kijana, baba yako alifariki. Nilimsindikiza mimi mpaka gari la maiti likaondoka."

"Alifariki, Mungu amrehemu. Saa hizi atakuwa shambani, anafukuza ndege."

Mwenyekiti aliacha chipsi zake zikapoa.

Wakaletwa kwangu. Nikatandika mkeka, wakakaa. Mwenyekiti akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mwanao, nimekula sahani moja na mwanao."

"Marahaba, baba. Karibu."

Lakini macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwa mkaanga chipsi, aliyesimama mlangoni anajikuna shingo. "Mama, tazama," akasema. "Hii si sura yake? Hata kujikuna ni kule kule. Mimi nimepata niliyemfuata."

"Mwenyekiti," kocha akasema, "sura haifungi goli. Tumekuja kwa yule wa kwenye video."

Wakaanza kubishana mbele yangu, kwa heshima, huku wanakunywa chai yangu. Nikayaelewa kidogokidogo. Timu imedhoofika. Kamati imekaa, mwenyekiti akawaambia nyota wetu ana mtoto huko Rufiji, damu haipotei, tumchukueni. Wakakubali. Nafasi ni moja, nayo ni ya mtoto wa nyota. Atapewa pa kulala, atafundishwa, akifaa ataombewa kazi.

Hapo nikatega sikio. Kule Maparoni maji ya chumvi yameingia mashambani, sehemu tulizovuna mpunga zamani leo unaota unakauka ukiwa mchanga. Mwanangu ameniambia mara nyingi, "Mama, huyu kijana nikimwachia shamba hili nimemwachia chumvi." Nikajua hili ni jambo lake. Nikampigia simu, nikamwambia alfajiri apande boti na kijana, aje.

"Mama," mwenyekiti akaniuliza, "unampigia nani?"

"Mwanangu."

"Yupi?"

Nikataja jina. Alimtazama kocha, kocha akatazama chai.

Kesho yake walirudi kutoka Kibiti walikolala, na baada ya adhuhuri bodaboda ikawashusha baba na mtoto, wamejaa vumbi. Binti yangu akatoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, dada. Hamjambo hapa?"

Mwenyekiti akasimama. "Dada, jana uliniambia wewe ndiye wa pili, na huyu wa Maparoni ndiye wa mwisho."

"Ndiyo. Nimembeba mimi mgongoni huyu. Alikuwa analia huyu! Akinikojolea mpaka kisogoni." Akamgeukia. "Kaka, maji ya kunawa yale pale."

Mwenyekiti hakucheka. Alimwendea mwanangu, akampa mkono. "Mimi ni mwenyekiti wa timu. Mwenzangu ni nani?"

Mwanangu akajitaja. Jina la marehemu, na la baba yake, na la babu yake, kama anavyojitaja siku zote.

Mwenyekiti akarudisha mkono wake.

"Rudia."

Akarudia, palepale, bila haraka.

"Mnanichezea nyinyi?" Uso ulimbadilika. "Mnalichezea jina la rafiki yangu? Mmesikia kuna nafasi ya mtoto wa nyota, basi mmetafuta mtoto, na baba mmetafuta!"

Sote tukababaika. Mwanangu akanitazama mimi, nami namtazama binti yangu. Hakuna kati yetu aliyejua kosa liko wapi. Kocha ndiye aliyeokoa. Alisema uwanja wa shule uko karibu, tukatazame kwanza mchezo, maneno hayakimbii.

Wakaanza na mkaanga chipsi, kwa kuwa mwenyekiti alitaka. Akapewa gongo la kweli, la kununua. Akalipima, akatema mate viganjani, akalishusha. Alipiga mchanga. Gongo likamponyoka likaenda zake, mpira umebaki palepale unamtazama. Watoto wa shule wakapiga kelele, "Geuza, geuza, inaungua hiyo!" Naye akacheka nao. "Mzee baba," akamwambia mwenyekiti, "sura nimerithi, mengine sikupewa." Mwenyekiti aligeuka akatazama barabarani.

Kisha yule wa Maparoni. Mpira wa kwanza ulimpita. Kwenye tope kidaka hakikimbii, pale uwanjani kampira kaliteleza kama kamefukuzwa. Watoto wakazomea. Akavua viatu, akavipanga pembeni vizuri, akasema, "Nipeni tena." Safari hii kaligota kwenye gongo kakatulia. Kocha akamfuata amnyang'anye, akashindwa. Kijana alikuwa anauvuta mpira huku na huku, ameinama vilevile, anakanyaga kwa uangalifu kama mtu asiyetaka kuzama. Ghafla filimbi.

"Umetumia upande wa nyuma," kocha akamwambia. "Hairuhusiwi. Ni huu bapa tu."

Kijana akaligeuza gongo, akaliangalia. Mzizi wa mkoko ni mviringo, hauna mbele wala nyuma. "Sasa huu mwingine mmeuweka wa nini?"

"Cheza tu."

Akacheza. Akikosea mara moja harudii. Mwisho alipiga kutoka mbali, mpira ukapita kati ya mawe mawili waliyoyafanya goli, ukaenda kugonga ukuta wa darasa kwa mlio ulioninyanyua nilipokaa. Kocha alibaki na filimbi mdomoni haipulizi.

"Mwenyekiti," akasema, "tumchukue huyu."

"Kamati imekubali mtoto wa nyota." Mwenyekiti alisimama mbele yangu pale pembeni ya uwanja, jasho linamtiririka. Hasira zilikuwa zimempungua, akabaki kama mtu aliyepotea njia. "Mama, wewe ni mtu mzima na ni mzazi. Nakuuliza wewe peke yako. Huyu kijana ni mtoto wa rafiki yangu?"

"Ndiye."

"Rafiki yangu amemzaa?"

Nikaitengeneza kanga yangu begani.

"Na huyu bwana hapa, anayejiita rafiki yangu, siku aliyozaliwa mlimpa jina gani?"

Kijana alikuwa amesimama na viatu vyake mkononi, hajui avae au asubiri. Baba yake ameinamisha kichwa. Mimi ndiye ninayekumbuka majina ya watu wote, watu huja kuniuliza ya mababu zao, na pale moja tu lilinishinda. Nikikaa kimya, wanangu ni matapeli na kijana anarudi kwenye chumvi. Nikisema, huenda nafasi ikaondoka, maana kamati haikumtaka mtoto wa huyo. Na zaidi ya hilo, jina lile nikilitoa, huyu anakuwa yeye mwenyewe, na yule mwingine anakuwa amekufa. Hapo uwanjani, mchana, mbele ya watoto wa shule. Sikujua lililo sawa. Hata leo nikiulizwa, sijui.

Nikalitaja. Lilitoka dogo, kama namwita mtoto aje kula.

"Labeka, mama," mwanangu akaitika.

Nadhani hata yeye hakujua kama ataitika. Tulitazamana, na binti yangu akajifunika uso kwa kanga.

Ndipo mwanangu akazungumza, kwa upole, akamweleza mwenyekiti mambo ya arobaini, mkeka, kanzu, na kofia. "Mimi ni mdogo wake," akasema. "Sikuliiba jina lake, nimewekewa. Huyu nimemzaa mimi. Kaka ndiye aliyemtia gongo mkononi akiwa hajajua kukimbia vizuri. Kama hafai kwa sababu hiyo, tutarudi, boti zipo."

Mwenyekiti alikaa kwenye jiwe, mojawapo ya yale ya goli.

"Aliomba ruhusa ya kwenda kumzika baba yake," akasema. "Tukiwa vijana. Akapewa, akaja huku, akarudi. Baada ya miaka akaomba tena. Baba amefariki, anataka kwenda kuzika. Mkubwa wetu akamuuliza, una baba wangapi wewe? Akasema, mmoja. Tulicheka kambi nzima. Mimi nilicheka kuliko wote. Akanyimwa."

Nilimkumbuka mara moja huyo wa pili. Mume wangu alipokufa, jina lilichukuliwa na mtoto wa dada yake, wa Dimani. Naye alipokufa, tulimngoja mwanangu mkubwa hadi jua likainama, wakazika bila yeye. Nilimnunia. Niliamini mjini kumemsahaulisha watu wake. Hakuniambia kwamba alinyimwa, na mimi sikumuuliza. Sasa nimeyapata yote kwa mkupuo, kutoka kwa mtu wa bara aliyekaa kwenye jiwe.

"Kumbe ilikuwa hivi," mwenyekiti akasema.

"Ilikuwa hivi," binti yangu akamjibu, pua imeziba kwa kilio. "Na nyinyi mnajiita wasomi." Halafu kwa kuwa ni mtani wa kila mtu akaongeza, "Inuka kwenye goli, kitambi hicho kitazuia mipira yote."

Akainuka. Waliondoka bila kuahidi. Kocha alimwachia kijana lile gongo la kweli, akamwambia azoee upande bapa, na mwenyekiti akanishika tena mkono, akasema atairudia kamati na kuieleza kama ilivyo. "Sijui nitaanzia wapi, mama," akasema. Nikamwambia hata mimi nikiambiwa nianze sijui.

Simu ilikuja mvua za vuli zikianza. Kijana amekubaliwa aende akajaribiwe, na atakwenda kama mtoto wa baba yake aliyemzaa. Mwenyekiti alinipigia mimi mwenyewe, na akasema wazee wa kamati walibishana sana, mmoja akauliza, sasa nyota wetu ana watoto wangapi, naye akawajibu kwamba huko Rufiji hilo si la kujibiwa kwa simu. Kijana alipita kwangu kuaga. Gongo la dukani kalitia kwenye begi, mzizi wa mkoko kaushika mkononi. Nikamwambia, "Mume wangu, umenikimbia." Akacheka, akasema, "Nakuachia mume mwenzangu wa chipsi." Juzi ametuma picha, kavaa fulana ya timu, na mgongoni wameandika jina la baba yake. Lile la siku ya saba. Kusoma nilikojifunza kwenye kisomo cha watu wazima kulinitosha kulisoma, herufi moja moja, na nilipolimaliza nilikuwa na furaha na nilikuwa nalia, na binti yangu akaniuliza kipi ni kipi.

Binti yangu mwenyewe hajui la kufanya. Ndugu yake akija, anafungua mdomo aseme shikamoo, anaufunga, anaishia kusema, "Umekuja?" Wazee nimewauliza. Mmoja anasema jina likishawekwa limewekwa, kulitaja lile la zamani hakuondoi kitu. Mwingine anasema nimelivua mbele ya watu, inabidi watu wakae tena. Wote wawili nawaheshimu.

Jana asubuhi nilikuwa napepeta mchele ndani, nikasikia mlangoni, "Hodi!"

Sauti niliijua. Ni mwanangu, kaja na mpunga kidogo uliopona chumvini.

"Karibu," nikasema, na kwa mazoea nikaongeza, "Nani?"

Nikasikia anaushusha mzigo chini, polepole. Nikaacha ungo, nikangoja, mikono yangu juu ya mchele.

"Mimi, mama," akasema.

Nikaenda kumfungulia.